Tusimame kwanza, tuhesabu



Tangu mwaka 2003 mahakama zetu ziliendelea kukata hukumu ya kifo, lakini wahukumiwa hawakuuawa; walibaki gerezani. Mwezi wa tatu 2024, Wizara ya Sheria ilifungua tena njia ya kuwaua. Ilitaja askari wanaosaliti nchi na majambazi wa mijini, wale tunaowaita kuluna.

Hasira hiyo tunaielewa. Kati yetu wapo waliozika waume na watoto sababu ya vita na wezi wa usiku. Hatuombi wauaji wafunguliwe mlango. Tunaomba serikali isimame tena, ihesabu kwanza.

Mwezi wa saba 2024, tribunali ya kijeshi ilikaa katika eneo la Lubero. Kwa siku moja tu, askari 25 walihukumiwa kifo, wengi kwa kosa la kumkimbia adui. Wake wanne wa askari walishitakiwa pamoja nao, wakaachiliwa. Siku moja! Kesi ya kiwanja kwetu huchukua miaka.

Je, kitisho hicho kilisaidia? Goma ilitekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Vita vina sababu nyingi, hatusemi ni hiyo peke yake. Lakini hofu ya kuuawa haikutosha kulinda miji yetu.

Kwa hiyo tunauliza mambo matatu. Kwanza, tangu 2024 ujambazi na usaliti vimepungua? Pili, kila aliyehukumiwa alipata avoka na muda wa kukata rufaa? Tatu, mke na watoto aliowaacha wanakula nini, na nani anawalipia minervali?

Katiba yetu, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumlinda. Haisemi mtu mwema tu.

Mwalimu akikosea pointi kwenye buletini ya mtoto, anafuta na kuandika upya. Mtu akishauawa kwa makosa, hakuna wa kufuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwenye kikao kijacho, kila kikundi kiandike maswali haya matatu, kina mama watie sahihi, na yapelekwe kwa mbunge wetu. Hata asiyejua kuandika aweke kidole. Mpaka majibu yafike, asiuawe mtu.