Sala Kwanza, Kisha Fagio

Wako wenzetu Wakristo wasemao kwamba masomo ni mengi, hawana nafasi ya kusali. Wako na wengine ambao kengele ya kazi ikilia hukimbilia sala, wakiwaachia wenzao mafagio. Wote wamekosea. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais tangu 1962 hata 1985, alikuwa na desturi ya kwenda Misa asubuhi, ndipo akashike kazi za nchi; na bado alipata nafasi ya kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare, zilizotolewa 1963 na 1969. Je, sisi tuna shughuli nyingi kumpita? Tuamke mapema, tusali, kisha tufagie na kusoma. Sala isiyotufikisha kazini ni uvivu uliojificha kanisani.