Msimwambie mwanafunzi ajipange wakati ratiba haijulikani

Wiki iliyopita nilisema kwenye redio neno ambalo leo narudi kulisahihisha. Katika emisyo ya asubuhi nilisema kwamba wanafunzi wengi wa chuo kikuu hapa Kindu wanaanguka mitihani kwa sababu hawajipangi. Nikawapa mashauri mnayoyajua: nunua ajenda, andika ratiba yako, lala mapema, weka simu mbali. Emisyo ilipoisha, mama mmoja akapiga simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Papa mwandishi, mtoto wangu ajipange kwa saa gani? Saa ya masomo anaijua nani?"

Sikuwa na jibu.

Mama huyo alikimbia Kivu pamoja na watoto wanne mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23. Wanakaa kwa shemeji yake huko Alunguli, watu tisa katika vyumba viwili. Binti yake mkubwa anasoma upande wa pili wa mto. Alhamisi moja, saa mbili ya usiku, ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la promosyo: profesa amefika, kozi inaanza kesho asubuhi, kutakuwa na interro. Simu ya binti ilikuwa imezimika tangu mchana, na kibanda cha kuchaji kilikuwa kimefungwa. Alipopata habari, interro ilikuwa imekwisha kupita. Akapewa zero. "Halafu ninyi kwenye redio mnamwita mvivu," mama akamaliza.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, sisemi hii ni habari ya chuo kimoja. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali vya mikoa wanaijua vizuri. Profesa anatoka mbali, anafika kwa siku chache, anamaliza kozi nzima, anarudi. Tufanye hesabu pamoja. Kozi ya masaa 45 ikifundishwa kwa siku tano, ni masaa tisa kila siku. Msichana anayeamka gizani kuchota maji, anavuka Lualaba kwa mtumbwi, anakaa masaa tisa darasani, anavuka tena, anafika nyumbani jua limezama na sombe bado haijatwangwa. Atasoma saa ngapi? Ajenda ya dola tano itamsaidia nini?

Na tukumbuke kwamba tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD. Tunaimba jina hilo kila siku, lakini tunasahau maana yake. Semesta moja ina krediti 30, mwaka una krediti 60, lisansi ni krediti 180. Krediti haihesabu masaa ya kumsikiliza profesa peke yake. Inahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma silabusi, kufanya TP, kurudia aliyoandika. Maana yake, mfumo wenyewe unatambua kwamba mwanafunzi anahitaji muda wa kukaa na daftari lake. Anayebana kozi nzima ndani ya siku tano anamnyang'anya mwanafunzi muda huo, halafu siku ya matokeo anamuuliza ameupeleka wapi.

Najua wakubwa watajibu nini. Maprofesa ni wachache. Njia ni mbaya, treni haina uhakika, ndege ni ghali. Yote ni kweli, na hakuna anayewalaumu kwa njia mbaya. Lakini aliyenunua tiketi ya ndege anajua siku ambayo profesa atafika. Kwa nini siku hiyo hiyo asiiandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye valvu, ule ubao wa matangazo ambao kila mwanafunzi anaujua? Karatasi moja na gundi haviombi msaada kutoka Kinshasa.

Wengine watasema wanafunzi wanapoteza muda kwenye pombe na Facebook. Wako hivyo, ndiyo. Na mimi sitawafunika. Mwanafunzi ambaye anakaa mjini Kasuku, analipiwa minervali, ana taa na simu iliyojaa moto, na bado anaomba daftari la mwenzake usiku wa kuamkia mtihani, huyo aambiwe ukweli. Lakini msimpige yeye kwa fimbo inayoangukia mgongo wa mtoto wa mkimbizi.

Sasa sisi wazazi. Hapa nyumbani pia kuna neno. Kijana anaporudi chuoni, tunasema: mwacheni, anasoma. Dada yake anaporudi kutoka chuo hicho hicho, tunamwonyesha makala na sufuria. Wote wawili wanatafuta krediti 60 kwa mwaka. Siombi nyumba yenye watu tisa itafute chumba cha kusomea. Naomba saa moja ya taa kila jioni, ijulikane na wote, na katika saa hiyo asitumwe mtu anayesoma. Kijana naye anaweza kutwanga sombe, mikono anayo.

Na ninyi wanafunzi, msingoje tu. Ujumbe wa WhatsApp unamfikia mwenye simu. Katika kila promosyo mnajua nani hana, na nani anakaa ng'ambo. Kila mwenye simu achukue jina la mwenzake mmoja asiye nayo, na awe na deni la kumfikishia habari siku hiyo hiyo, hata kwa kumtuma mtu wa mtumbwi. Silabusi ikiwa ghali, fanyeni likelemba: watano mnachanga, mnanunua moja, mnasoma kwa sauti kwa zamu. Na kila mmoja awe na daftari moja la tarehe, la karatasi, lisilohitaji kuchajiwa.

Kwa wakuu wa vyuo, naomba mambo matatu. Ratiba ya kozi ibandikwe siku saba kabla. Interro isifanywe siku ile ya kwanza ambayo watu wameitwa usiku. Na mwanafunzi aliyekosa kwa sababu habari haikumfikia asikilizwe kabla ya kuandikiwa zero.

Mwenye chuo akitimiza hayo, mimi mwenyewe nitarudi kwenye redio kumwambia mwanafunzi ajipange, na nitamwambia kwa ukali. Kabla ya hapo, shauri langu la wiki iliyopita nalirudisha mfukoni, na mama yule wa Alunguli namwomba radhi mbele yenu.

Kwa upande wetu, nimeomba dakika tano katika emisyo ya Jumapili jioni, na nimepewa. Chuo chochote cha Kindu kikileta ratiba ya wiki, nitaisoma bure, polepole, mara mbili, ili asiye na simu aisikie kwenye redio ya jirani. Kisipoleta, nitasema kwamba hakikuleta.