Zana Bila Mwongozo Haitoshi

Zana inayowaruhusu mawakala wa akili mnemba kuhariri hifadhidata ya mchezo wa kompyuta haijielezi kwa majina ya safu za hifadhidata hiyo. Katika itifaki ya MCP, inayounganisha modeli na zana na iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, modeli husoma maelezo ya zana kabla ya kuitumia. Mchezo unaohusu Garsen, mji wa Kenya ulio karibu na Mto Tana, ukiwa na safu ya “kina”, ni mita au futi? Ni kina cha mto wakati wa kiangazi au wa mafuriko? Vivyo hivyo, mbega mwekundu na mangabi wa Tana, spishi mbili za tumbili zilizo hatarini, zisiunganishwe katika hifadhidata kwa kukisia. Kuziunganisha hivyo ni kuharibu maarifa. Alama ya “hufuta” inayowekwa kwenye zana nayo ni dokezo tu: idhini na nakala rudufu zisimamiwe na seva.