Pima mapigo ya moyo, lakini hiyo 98 ya oksijeni usimpe shosho

Wasee, kila nikifungua simu nakutana na video ya mtu ameweka kidole juu ya sensa ya MAX30102, skrini ndogo inawaka, inaandika oksijeni 98%, na watu wanamwaga moto kwa komenti. Mimi pia humwaga. Hiyo kazi ni safi. Kitu sipendi ni ile sentensi inayofuata: "Sasa unaweza kumpima shosho hapo nyumbani." Hapo mazee, hapana.

Na usidhani nakuja kukuambia uwaachie wenye digrii. Mimi mwenyewe uni niliiacha katikati, na bado naamini msee anaweza kushuka Luthuli Avenue na shilingi mia kadhaa, anunue sensa, na ajifunze mambo ambayo darasani yangemchukua muhula mzima. Jenga. Lakini jua unachojenga.

Hii kitu inafanya kazi hivi. Ndani kuna taa mbili, nyekundu na ingine ya infraredi ambayo macho hayaioni, na kijicho cha kupokea mwanga unaorudi kutoka kwa kidole. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo kwa kidole na mwanga unaorudi unapungua. Ukihesabu hayo mawimbi umepata mapigo ya moyo. Hapo hesabu ni rahisi na ukweli wake unaweza kuujaribu mwenyewe: shika mkono, hesabu kwa dakika moja, linganisha.

Oksijeni ni story ingine. Damu yenye oksijeni hunyonya infraredi zaidi, na damu isiyo nayo hunyonya nyekundu zaidi. Programu inalinganisha hizo mbili na kupata namba moja, R. Halafu wengi wetu tunakopi formula ya 110 kutoa 25 mara R. R ikiwa 0.5, unapata 97.5. Inaonekana ni sayansi, sindio? Lakini hizo 110 na 25 hazikutoka kwa kidole chako. Kampuni inayotengeneza mashine ya hospitali hupata namba zake kwa kuwapunguzia watu waliojitolea oksijeni, chini ya uangalizi wa madaktari, na kulinganisha mashine na damu iliyotolewa kwa mshipa. Wewe umeweka sensa kwa kasha lako, na kioo chako, na kidole kimefinywa vile kimefinywa. Nani alilinganisha hiyo na damu?

Sasa ongeza ngozi. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha utafiti kwa New England Journal of Medicine. Walichukua wagonjwa ambao mashine ilisema oksijeni yao ni kati ya 92 na 96, wakaangalia damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, karibu 12 kati ya kila 100 walikuwa chini ya 88. Kwa weupe, karibu 4. Na hizo ni mashine za hospitali. Mtu anaishiwa na oksijeni na skrini inasema yuko sawa.

Kuna wale watasema, "Kama hata za hospitali zinakosea, mbona unaniandama mimi?" Ni swali poa. Jibu ni kwamba hospitalini daktari hasimami kwa hiyo namba peke yake. Anaangalia mgonjwa anavyopumua, akishuku anaagiza damu ipimwe. Nyumbani, shosho ana wewe na skrini yako. Ukimwambia 98, hiyo fare ya kwenda hospitali itangoja kesho. Na kesho inaweza kuwa imechelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba programu ya Maxim, kampuni iliyotengeneza hiyo sensa, ina adabu kuliko sisi. Ikishindwa kupata oksijeni inarudisha -999 na kukuambia jibu si halali. Halafu mtu anaandika mstari mmoja wa kuficha hiyo -999 na kuacha namba ya zamani ikae kwa skrini, ndiyo video ikae fiti. Hiyo si kurekebisha programu. Ni kuifundisha kudanganya.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Onyesha mapigo ya moyo kwa herufi kubwa. Oksijeni, onyesha mawimbi yenyewe na R, na sensa ikishindwa, iandike "sijapata". Kwa video, sema wazi kwamba hii si ya mgonjwa. Na kama uko chuo chenye hospitali ya kufundishia, piga hodi, omba daktari na kamati ya maadili wakusaidie kulinganisha vifaa hivi na vipimo vya damu, kwa ngozi zetu. Hiyo kazi inatuhitaji sisi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ngozi inayodanganywa na mashine ni yetu.

Na mtu wako akihema kwa shida, midomo imebadilika rangi, usitafute waya. Tafuta gari.

Wewe umejenga moja? Ikishindwa kusoma, skrini yako huandika nini?