Mchezo wa Kuigiza Usiwe Pambo la Somo la Sayansi

Walimu wengi wanaoanza kazi hudhani kwamba wameutumia mchezo wa kuigiza katika sayansi pale watoto watano wanaposimama mbele ya darasa, mmoja akajiita Mbu na mwingine Mgonjwa, wakakariri maneno waliyoandikiwa huku wenzao wakitazama na kucheka. Kwa maoni yetu, huo ni ukariri uleule wa zamani uliovikwa kanzu mpya.

Mchezo tunaoutetea hauna jukwaa wala watazamaji. Darasa zima hugeuka mahali pa tukio, na kila mtoto huwa mtu mwenye jambo la kuamua.

Tuchukue mfano wa kipindupindu. Mwaka 1854 ugonjwa huo ulizuka katika eneo la Broad Street, London, ukaua watu zaidi ya 600. Wengi waliamini kwamba uliletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alipouliza habari za waliokufa, aligundua kwamba wengi walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya mtaani. Katika kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani, chenye wafanyakazi wapatao 70, hakufa hata mmoja: walikunywa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uliondolewa.

Mwalimu na achore ramani ya mtaa sakafuni kwa chaki. Kila mtoto apewe kadi inayoeleza yeye ni nani, huchota maji wapi, na nani amefariki nyumbani mwake. Kundi moja litetee hewa chafu; jingine lipite likihoji na kuweka kokoto penye kila kifo. Kisha wote wakutane kuamua: je, pampu ifungwe, na watu wakose maji karibu?

Mwalimu asitoe jibu. Mtoto aliyeambiwa kwamba maji machafu huleta kipindupindu amepata habari. Aliyelazimika kumshawishi mwenzake kwa kuhesabu kokoto ameanza kujifunza sayansi.

Mchezo ukiisha, kazi haijaisha. Watoto wakae waulizwe: je, ni kufungwa kwa pampu kulikokomesha ugonjwa? Snow mwenyewe alikiri kwamba vifo vilikuwa vimekwisha anza kupungua, kwani wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Bila mjadala huu watoto watabaki na hadithi ya shujaa tu.

Wapo wanaosema kwamba mtaala ni mrefu na kelele ni nyingi. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana hatusemi kila mada iigizwe. Kusoma kipimajoto hufundishwa kwa kipimajoto. Lakini hakuna mwalimu awezaye kuleta kipindupindu darasani kwa majaribio. Kwa mada za namna hiyo, ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha tayarisheni kadi na kokoto, kisha mjizuie kusema mapema mnachokijua.