Panya Buku na Debe la Mafuta

Mvulana mmoja wa darasa la sita alimnasa panya buku katika shamba la baba yake, upande wa milima ya Uluguru, akamtia ndani ya debe la mafuta ya taa, akalifunika kwa ubao. Siku ya tatu akaniletea mzoga. "Mwalimu," akasema, "nalimpa pumba tele, mbona amekufa?" Nikacheka, kisha nikajuta, maana swali lake lilikuwa jema kuliko mengi niulizwayo.

Watu husema mnyama wa mwitu hafugiki. Mimi sikubali. Mara nyingi mfugaji ndiye asiyefundishika: hataki kujua kwanza desturi za mnyama wake. Panya buku hulala mchana shimoni, penye giza na ubaridi. Usiku hutoka kutafuta chakula, akakijaza katika mifuko ya mashavu yake ili akiweke akiba. Debe lililo juani lina nini katika hayo?

Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafuga tangu mwaka 2000. Jike huchukua mimba muda wa mwezi mmoja hivi, naye huzaa wana wachache, mara nyingi hawapiti 5. Si kama panya wa shamba, mharibifu wa mahindi yetu, azaaye 10 na zaidi. Wana huzaliwa vipofu, bila manyoya. Wakiisha kufungua macho, watu huwashika na kuwabeba kila siku, wakawazoeza hata ngurumo za motokaa, wasiogope. Ndipo hufundishwa kwa miezi mingi, kwa kipande cha ndizi, kutambua harufu ya baruti ya mabomu yaliyofukiwa, au ya kifua kikuu katika makohozi. Kwa wepesi wao hawalipui bomu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, aligundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100 huko Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na chama cha Uingereza. Alikufa Januari 2022.

Nyama yake ni tamu, sikatai. Wazee wangu waliila.

Yule mvulana alitaka kunasa mwingine. Nikamkataza, kwa kuwa panya wa mwitu huuma, tena huchukua magonjwa. Nikampa daftari, akaketi mbali na shimo jioni hata jioni. Juzi aliniandikia: "Ametoka baada ya giza. Mashavu yamejaa. Amerudi mara 4."