Andika Bei, Acha "Njoo Inboksi"

Wapambanaji wenzangu, ukitaja duka zuri la mtandaoni wengi wanawaza nembo, rangi na picha za mbwembwe. Mimi msimamo wangu ni huu: duka zuri ni lile ambalo mteja ananunua bila kukuuliza swali. Na swali la kwanza analolazimishwa kuuliza ni bei.

Chukua mteja wa huku kwetu Chiungutwa. Karudi shamba jioni, bando ni la kubana, mtandao unakuja na kuondoka. Kaona dera limempendeza, chini umeandika "bei njoo inboksi". Anakuandikia, wewe uko bize na mtu dukani. Unamjibu saa nne usiku, kashalala. Kesho yake ile hela ishapata kazi nyingine.

Halafu kuna ambao hawaulizi kabisa. Mtu ana elfu kumi yake, anaona aibu aulize bei halafu aishie kusema "haya, nitakutafuta". Huyo humuoni kwenye simu yako, lakini umeshampoteza.

Utasikia mtu anasema, "Nikiweka bei washindani wataiona." Jamani, mshindani akiitaka si atakuja inboksi kama mteja? Mwingine anasema bei za Kariakoo zinapanda kila siku. Sawa, andika "bei hii mwisho Jumamosi". Ukificha, mteja anahisi unasubiri umpime kwanza ndiyo umpangie bei.

WhatsApp Business ni bure, na katalogi yake ipo tangu 2019. Sehemu ya bei na ya maelezo zipo, ila wengi wanaziacha wazi. Kwa kila bidhaa jaza haya:

– Bei kamili kwa shilingi.
– Saizi na rangi zilizopo. Kilichoisha, kitoe.
– Gharama ya kutuma mzigo, mfano Masasi au Newala, na nani anailipa.
– Picha mbili tatu zilizopigwa mchana kwenye mwanga. Picha nyingi zinamla mteja bando.

Kwenye malipo napo. Watu wamechoshwa na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo wanaogopa kutapeliwa. Mteja akiweka lipa namba, jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Akikuta jina asilolijua, anaghairi palepale. Mwambie mapema, pembeni ya namba: "Jina litakalotokea ni hili."

Ukitaka kujua duka lako likoje, mpe simu shangazi au jirani ambaye hajawahi kununua kwako. Mwambie atafute kitu kimoja, akuambie bei yake na atakilipiaje. Wewe kaa kimya. Kila akikugeukia kukuuliza, hapo ndipo wateja wanapokwama. Parekebishe kabla hujatoa hata mia ya kulipia tangazo.

Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakaanza kulipwa, kila muuzaji atakuwa anapiga kelele. Mteja atanunua kwa yule aliyemrahisishia. Leo hii chukua bidhaa zako tano zinazotoka sana, uziandikie bei. Nyingine utamalizia kesho.